Sikio kukauka si mwisho wa tiba: Upasuaji na hatima ya wavuvi wa Ziwa Victoria

KWA muda mrefu, mafanikio ya upasuaji wa sikio yamekuwa yakipimwa kwa swali moja: je, usaha umekoma? Iwapo sikio limekauka, mgonjwa huambiwa kwamba amepona, na faili lake hufungwa.

Kwa wakazi wa Port Victoria, Usenge, Mbita na fuo nyingine za Ziwa Victoria upande wa Kenya, swali hilo pekee halitoshi. Mvuvi anayetoka wodini akiwa na sikio kavu, lakini asiyeweza kusimama imara ndani ya mashua wakati wa giza, hajapona kwa maana inayomhusu yeye na familia yake.

Sababu ni kwamba sikio lina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu, nayo ni kusikia. Ya pili, ambayo wengi hawaikumbuki hadi inapoharibika, ni kuulinda mwili usipoteze mizani. Viungo vya kazi hizo mbili vimepakana ndani ya mfupa mmoja mdogo wa fuvu, vinatumia maji yale yale ya sikio la ndani, na mara nyingi ugonjwa unaoshambulia kimoja huwa jirani mbaya kwa kingine.

Hivyo basi, mjadala kuhusu matokeo ya upasuaji wa masikio katika eneo la Kisumu na fuo zake haupaswi kuishia katika idadi ya masikio yaliyokaushwa. Unapaswa kuuliza mgonjwa anasikia kiasi gani baada ya upasuaji, na iwapo anaweza kurudi kazini bila kuhatarisha uhai wake.

Maradhi yanayoanza utotoni

Port Victoria ni mji mdogo wa Budalang’i, Kaunti ya Busia, ulio karibu na mahali ambapo Mto Nzoia humwaga maji yake ziwani. Huko, kama ilivyo katika fuo za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ziwa ni mahali pa kuoga, pa kufulia nguo, pa kupitia na pa kutafutia riziki. Mtoto hujifunza kupiga mbizi kabla ya kujifunza kusoma.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa jambo dogo. Mtoto hupata mafua, viini hupanda kupitia mrija unaounganisha koo na sikio la kati, usaha hujaa na kiwambo cha sikio, yaani ile ngozi nyembamba ambayo wengi huiita ngoma ya sikio, hupasuka. Kwa watoto wengi tundu hilo huziba lenyewe. Kwa wengine hubaki wazi, na kila maji yanapoingia, viini vipya huingia pia. Usaha huwa wa miezi, kisha wa miaka.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2004 ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani walikuwa na masikio yanayotoa usaha wa kudumu, na kwamba 60 kati ya kila 100 walikuwa wamepoteza uwezo wa kusikia kwa kiwango cha kuathiri maisha yao. Ripoti hiyo ilihusisha ugonjwa huo na vifo 28,000 kwa mwaka, hasa kutokana na usaha kupenya hadi kwenye ubongo na utando wake.

Kenya imechangia pakubwa katika elimu kuhusu ugonjwa huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 uliwapima zaidi ya wanafunzi 5,000 wa shule za msingi katika iliyokuwa wilaya ya Kiambu na kubaini kwamba takriban mmoja kati ya kila 100 alikuwa na sikio linalotoa usaha wa kudumu.

Mwaka uliofuata, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto 524 wa wilaya hiyo hiyo. Miongoni mwa waliokaushwa masikio na kupewa pia dawa za antibiotiki pamoja na matone, usaha ulikoma kwa watoto 51 kati ya kila 100 baada ya wiki 16. Kwa waliokaushwa tu bila dawa ulikoma kwa 22 kati ya kila 100, kiwango sawa na cha wale ambao hawakutibiwa kabisa.

Jaribio hilo lilitoa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba dawa nafuu, zikitumiwa ipasavyo, zinaweza kukausha sikio la mtoto bila kisu. La pili ni kwamba hata kwa tiba bora ya wakati huo, karibu nusu ya watoto waliendelea kutoa usaha. Katika nusu hiyo ndimo wanamotoka wengi wa wale ambao baadaye, wakiwa vijana na watu wazima, huhitaji kupasuliwa.

Malengo matatu ya kisu

Upasuaji wa masikio yenye usaha ni wa aina kuu mbili. Aina ya kwanza ni kuziba tundu. Daktari hukata kipande cha utando unaofunika msuli ulio juu ya sikio la mgonjwa mwenyewe, kisha hukipachika kama kiraka mahali palipotoboka. Mbinu hii ilipata msingi wake wa kisasa nchini Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupitia kazi za madaktari Horst Wullstein na Fritz Zöllner, wakati ambapo darubini za chumba cha upasuaji zilianza kutumika kwa upana.

Katika hospitali zenye uzoefu, kiraka hicho hushika katika masikio manane au tisa kati ya kila kumi. Hayo ni matokeo ya kutia moyo. Hata hivyo, kiraka kushika hakumaanishi kwamba mgonjwa atasikia kama zamani. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana mtikisiko wa sauti hadi sikio la ndani. Ikiwa usaha wa miaka mingi umekila kimojawapo, kiwambo kitaziba lakini sauti itakwama njiani, mpaka mnyororo wa vifupa hivyo uundwe upya.

Ndiyo maana wataalamu hupima usikivu kwa njia mbili, kupitia hewa na kupitia mfupa wa fuvu, kisha kuangalia pengo lililopo kati ya vipimo hivyo. Pengo likipungua hadi chini ya desibeli 20 baada ya upasuaji, wengi wao huhesabu hayo kuwa mafanikio. Bila kipimo cha kabla na cha baada, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika upasuaji ulimletea mgonjwa faida gani.

Aina ya pili ni nzito zaidi. Wakati mwingine ngozi ya nje huota kuelekea ndani ya sikio la kati na kuwa uvimbe unaotafuna mfupa, ambao madaktari huuita kolesteatoma. Uvimbe huo si saratani, lakini hauponi kwa matone wala vidonge. Ukiachwa, unaweza kula mfupa hadi kwenye ubongo, kwenye mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, au kwenye mifereji ya mizani. Ripoti nyingi za kitabibu huonyesha kwamba takriban wagonjwa 5 hadi 10 kati ya kila 100 wenye uvimbe huo hukutwa na mfereji wa mizani uliokwisha kutobolewa.

Kwa wagonjwa hawa daktari hulazimika kuchimba mfupa ulio nyuma ya sikio, ujulikanao kama mastoidi, ili kuuondoa uvimbe wote. Malengo hapa hufuata mpangilio usiobadilika: kwanza kuokoa maisha, pili kulikausha sikio, tatu kuhifadhi au kurejesha usikivu. Katika mpangilio huo mizani ya mwili haitajwi waziwazi, na hapo ndipo mkazi wa ufuoni anaposahauliwa.

Pango linaloogopa maji

Daktari anayechimba mastoidi hukabiliwa na uamuzi mgumu. Anaweza kuubakiza ukuta wa nyuma wa tundu la sikio, hivyo sikio likabaki na umbo lake la asili. Faida yake ni kwamba mgonjwa, akishapona, mara nyingi anaweza kuoga na hata kuogelea. Hasara yake ni kwamba mabaki ya uvimbe yanaweza kujificha na kuota tena, hivyo mgonjwa hana budi kufuatiliwa kwa miaka, na mara nyingi kupasuliwa mara ya pili ili kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki.

Njia nyingine ni kuuondoa ukuta huo na kuacha pango lililo wazi. Uvimbe ukirudi huonekana mapema, na uwezekano wa kurudi ni mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo, vitabu vya upasuaji hupendekeza njia hii pale ambapo mgonjwa anaishi mbali na hospitali au haieleweki iwapo atarudi kliniki. Lakini pango hilo huhitaji kusafishwa maisha yote, na mgonjwa huonywa asiruhusu maji kuingia.

Kwa mfanyakazi wa ofisini mjini Kisumu, onyo hilo ni usumbufu tu. Kwa mtu anayeingia majini kila siku kusukuma mashua na kuvuta nyavu, ni amri isiyotekelezeka.

Hatari yenyewe haikomei kwenye usaha kurudi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari Robert Bárány wa Vienna aligundua kwamba wagonjwa waliooshwa masikio kwa maji baridi au ya moto mno walipatwa na kizunguzungu, na macho yao yakachezacheza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yenye joto tofauti na la mwili huyasukuma maji ya ndani ya mfereji wa mizani, na ubongo hudanganyika kwamba kichwa kinazunguka. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914, na hadi leo kipimo chake hutumika, kwa kawaida kwa maji ya nyuzi 30 na nyuzi 44 za Selsiasi.

Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida huwa na joto la chini ya nyuzi 30. Kwa maneno mengine, ziwa lenyewe ni baridi kuliko maji ambayo daktari huyatumia kimakusudi kumtia mgonjwa kizunguzungu. Katika sikio zima, mfupa na hewa hupunguza athari hiyo, na masikio yote mawili yakilowa pamoja, pande mbili hulingana. Katika sikio lenye pango, mfereji wa mizani umebaki karibu na hewa, na maji huufikia upesi na kwa nguvu kuliko upande wa pili.

Mtu aliyesimama ufuoni akipatwa na kizunguzungu hicho atakaa chini. Mtu aliye chini ya maji usiku anaweza asijue uso wa maji uko upande gani.

Giza, mawimbi na sikio la ndani

Mwili wa binadamu hutegemea vyanzo vitatu vya habari ili usianguke. Macho huona upeo wa macho na vitu vilivyo wima, nyayo na viungo huhisi ardhi, nayo mifereji ya sikio la ndani huhisi mwendo wa kichwa. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki hukifidia. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza mizani ya sikio moja anaweza kutembea vizuri mchana katika barabara ya lami, akadhani amepona kabisa.

Uvuvi wa omena huondoa nguzo hizo moja baada ya nyingine. Omena huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi zipo pia taa za betri na za nishati ya jua. Nje ya duara la mwanga huo macho hayaoni kitu. Chini ya nyayo kuna ubao wa mashua unaopanda na kushuka kwa mawimbi. Kinachobaki kumwongoza mvuvi ni sikio la ndani peke yake.

Kwa hiyo, miongoni mwa kazi zote za eneo hilo, ni vigumu kutaja inayomtegemeza mtu kwenye sikio la ndani kuliko hiyo. Dereva wa boda boda, fundi wa kupaua nyumba na mchimba mchanga nao wana hatari zao, lakini angalau ardhi yao haitikisiki.

Usikivu nao una uzito wake ziwani. Mvuvi huhitaji kusikia mlio wa injini ya mashua inayokuja gizani, upepo unaobadilika na sauti ya mwenzake anayemwonya. Ili kujua sauti inatoka upande gani, ubongo hulinganisha masikio mawili. Anayesikia kwa sikio moja husikia kelele lakini hajui ageukie wapi. Ndiyo sababu ni desturi ya wapasuaji kuanza na sikio lililo bovu zaidi, na kusita sana kuligusa sikio ambalo ndilo tegemeo pekee la mgonjwa.

Hata hivyo, itakuwa kosa kulaumu kisu kwa kila kizunguzungu. Upasuaji wa kuziba tundu mara chache huacha madhara ya kudumu katika mizani. Kizunguzungu cha siku chache baada ya upasuaji ni cha kawaida na huisha. Hatari ya sikio kupoteza usikivu wote kutokana na upasuaji ipo, ingawa ni ndogo mikononi mwa mtaalamu. Mara nyingi zaidi, mharibifu ni ugonjwa ulioachwa kwa miaka.

Mharibifu mwingine ni dawa. Streptomisini, iliyotumika kwa miongo kadhaa kutibu kifua kikuu, inajulikana kwa kudhuru mizani. Kanamisini na amikasini, zilizotumika dhidi ya kifua kikuu sugu, zinajulikana zaidi kwa kudhuru usikivu, na katika miaka ya hivi karibuni WHO imezisukuma nchi kutumia vidonge badala ya sindano hizo. Eneo la ziwa, lililobeba mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, halikosi watu waliopitia matibabu hayo.

Hata matone ya sikio hayafanani. Yale yenye gentamisini yanaweza kupenya kupitia tundu la kiwambo na kudhuru mizani, ilhali yale ya jamii ya siprofloksasini hayajulikani kuwa na madhara hayo. Mgonjwa anayenunua matone dukani bila kuchunguzwa hawezi kujua tofauti hiyo.

Athari hizi zikijumlishwa, picha hubadilika. Mgonjwa ambaye dawa zimekwisha kudhoofisha mizani ya masikio yote mawili hana akiba. Upasuaji ambao ungekuwa salama kwa mwingine unaweza kumwondolea kidogo alichobakiwa nacho. Daktari anaweza kulijua hilo ikiwa tu mizani ilipimwa kabla ya siku ya kisu.

Vipimo visivyohitaji mabilioni

Hoja ambayo husikika mara kwa mara ni kwamba vipimo vya mizani ni anasa ya hospitali za Ulaya na Marekani. Ni kweli kwamba zipo mashine za bei kubwa. Lakini vingi kati ya vipimo vya msingi havihitaji chochote zaidi ya mikono na macho ya mhudumu aliyefunzwa.

Kipimo cha Romberg, kilichopewa jina la daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, humtaka mgonjwa asimame miguu ikiwa pamoja na kufumba macho. Akisimama juu ya godoro dogo la sponji, mhudumu huwa amemwondolea msaada wa macho na wa nyayo kwa pamoja, hali inayokaribia sana ile ya mashua gizani.

Kipimo kingine, kilichoelezwa mwaka 1988 na madaktari Halmagyi na Curthoys huko Sydney, Australia, ni cha kukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa ghafla lakini kwa umbali mdogo, huku akikodolea macho pua ya mhudumu. Macho yakiteleza kisha yakaruka kurudi, mfereji wa upande huo umedhoofika. Kipimo hicho huchukua muda mfupi na hakihitaji umeme.

Kwa upande wa usikivu, uma wa chuma wa kupimia sauti unaweza kumsaidia afisa wa kliniki kutofautisha uziwi unaotokana na kiwambo na vifupa, ambao upasuaji unaweza kuusaidia, na ule wa sikio la ndani, ambao kiraka hakiwezi kuutibu. Hauchukui nafasi ya mashine ya kupimia usikivu, lakini unaweza kuzuia safari ya bure na matumaini ya bure.

Hata tiba ya mizani iliyopotea haihitaji dawa ghali. Katika miaka ya 1940 nchini Uingereza, daktari Terence Cawthorne na mwenzake Cooksey waliandaa mazoezi ya macho, kichwa na mwili yanayouzoesha ubongo kufanya kazi kwa kutegemea upande mmoja. Mgonjwa huyafanya nyumbani kwa wiki kadhaa. Kinachohitajika ni mtu wa kumfundisha, na wa kumweleza kwamba kulala kitandani akisubiri kizunguzungu kiishe huchelewesha kupona.

Nani afuatilie, nani alipe?

Eneo la Kisumu lina msingi wa kuanzia. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, hupokea wagonjwa kutoka kaunti zote za ziwa. Chuo cha KMTC kimekuwa kikiwafunza maafisa wa kliniki elimu ya juu ya masikio, pua na koo, na ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo nje ya Nairobi.

Ripoti ya WHO kuhusu usikivu ya mwaka 2021 ilieleza kwamba 78 kati ya kila 100 ya nchi za kipato cha chini zina mtaalamu asiyefikia mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Kenya si mojawapo ya nchi hizo za chini kabisa, lakini wataalamu wake wengi wamejikusanya katika jiji kuu na miji michache mikubwa.

Kutokana na uhaba huo, zipo sauti zitakazosema kwamba ni afadhali kupasua wagonjwa wengi na kukausha masikio mengi kuliko kupoteza muda kupima mizani ya wachache. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto mwenye uvimbe unaokaribia ubongo hawezi kusubiri kliniki kamilifu ijengwe.

Udhaifu wake ni kwamba inahesabu upasuaji kama tukio la siku moja. Kambi ya upasuaji ya wiki moja inaweza kuhudumia wagonjwa wengi na kuondoka. Lakini kiraka huhitaji wiki kadhaa kushika, usikivu hauwezi kupimwa kwa haki kabla ya miezi miwili au mitatu kupita, na pango la mastoidi ni deni la maisha yote. Pasipo mtu wa kulilipa deni hilo, sikio lililokauka mwezi wa kwanza laweza kutoa usaha kabla ya mwaka kwisha, na hakuna atakayeandika popote kwamba upasuaji ule haukufaulu.

Suala la malipo nalo lina nafasi yake. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, ilianzishwa kwa ahadi ya kumfikia hata asiye na mshahara, kundi ambalo wavuvi wengi wamo. Kipimo cha haki cha ahadi hiyo kwa mgonjwa wa sikio ni iwapo fedha zitagharamia ziara za baada ya upasuaji, usafishaji wa pango na kifaa cha kusaidia kusikia pale kisu kinaposhindwa. Nauli ya kutoka Port Victoria au kisiwa cha Mfangano hadi Kisumu huwa kikwazo kabla hata mgonjwa hajafika kwenye dirisha la malipo.

Hapa ndipo miundo iliyopo inaweza kutumika bila kuanzisha mipya. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kufunzwa kuuliza maswali matatu kwa aliyepasuliwa: je, sikio linatoa usaha, je, anasikia vizuri kuliko awali, na je, huyumba anapotembea gizani? Jibu baya kwa lolote kati ya hayo liwe tiketi ya kurudi kliniki.

Vivyo hivyo, kamati za usimamizi wa fuo, zilizopewa nguvu za kisheria na kanuni za uvuvi za mwaka 2007, huwajua wavuvi wao kwa majina. Kamati hizo zinaweza kuhakikisha kwamba mwanachama aliyetoka kupasuliwa anapewa kazi ya nchi kavu kwa muda, haogelei peke yake, na haondoki ufuoni bila jaketi la kuokolea maisha. Hatua hiyo ya mwisho inamfaa kila mvuvi, lakini kwa asiye na mizani ni ukuta wa pekee kati yake na kifo.

Kalenda ya ziwa pia inaweza kuwa msaada. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane. Kwa mvuvi anayehofu kupoteza kipato, miezi hiyo ndiyo nafasi ya kukaa mbali na maji hadi kiraka kishike. Kikwazo ni kwamba msimu huo huanza pamoja na mvua za masika, wakati Budalang’i hukabiliwa na mafuriko na barabara huharibika. Hospitali na kaunti zikipanga mapema, mgonjwa anaweza kupimwa miezi ya kiangazi ya mwanzo wa mwaka na kupasuliwa mara uvuvi unapofungwa. Hilo halihitaji sheria mpya.

Kuhesabu kinachomgusa mgonjwa

Zaidi ya yote, kinachotakiwa ni kumbukumbu. Kila upasuaji wa sikio katika kaunti za ziwa ungefaa kuacha nyuma mistari michache: hali ya sikio kabla na baada, kipimo cha usikivu kabla na baada, kipimo rahisi cha mizani kabla na baada, na kazi anayoifanya mgonjwa. Mstari huo wa kazi ndio utakaomkumbusha daktari kwamba pango lililo salama kwa karani linaweza kuwa mtego kwa mvuvi, na kwamba huenda ni afadhali kuuhifadhi ukuta wa sikio iwapo ufuatiliaji unaweza kuhakikishwa.

Kumbukumbu hizo zitawafaa pia wagonjwa ambao bado wanasita. Wapo wanaohofia kwamba kisu kitawaongezea uziwi, na hofu hiyo haiondolewi kwa kukemewa. Huondolewa kwa takwimu za hospitali yao wenyewe, zinazoonyesha ni wangapi walisikia vizuri zaidi, wangapi walibaki walivyokuwa na wangapi waliathirika. Mgonjwa anayeelezwa ukweli wote, ukiwemo ule usiopendeza, huamua kwa utulivu na hurudi kliniki kwa hiari.

Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio mengi ya fuo za Ziwa Victoria si ya kufa. Yanasikia dawa yakitibiwa utotoni, na yanasikia kisu yakifuatiliwa hadi mwisho. Mwisho huo ni usiku ule ambapo mvuvi husimama tena ndani ya mashua yake, nje ya mwanga wa taa, na mwili wake ukajua juu ni wapi na chini ni wapi.